Tuache kuwatajia vijana asilimia za kubuni wanapoomba MBA

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna jambo limenikaa rohoni na naona kila mwaka linazidi. Msimu wa maombi ya MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, ukikaribia vijana wanaanza kuuliza swali lile lile, "je, nina nafasi?" Wanaandika umri, GPA (wastani wa matokeo ya chuo), alama za GMAT (mtihani wa kuombea shule za biashara), miaka ya kazi, wanataja shule tano sita wanazozitaka, halafu wanasubiri mtu awatajie asilimia. Na watu wanawatajia kweli. Harvard 15, INSEAD ile shule ya biashara ya Ufaransa 40, ile nyingine 60, basi, kijana anaondoka na hizo namba kama vile zimetoka maabara. Hata kwenye safu yenu ya elimu nimeona maswali ya aina hii yakijibiwa hivyo hivyo, ndo maana nikaona nikuandikie.

Kazi yangu inanikutanisha sana na waombaji wa hizi shule za biashara, nasoma maombi yao kabla hawajatuma, na nasema wazi kabisa: hiyo asilimia haipo. Hakuna binadamu anayeweza kukutolea kwa kusoma mistari minne, hata awe amesoma hiyo shule yenyewe. Kuna vitu vinavyopimika, tena vizuri tu, ila ni vingine.

Tuanze na namba zenyewe maana ndo zinazotia watu presha. Stanford inapokea maombi zaidi ya 6,000 kwa darasa la watu 400 na kitu. Harvard darasa lake ni kubwa, watu 900 na kitu, lakini na waombaji wake ni maelfu kwa maelfu. Mtu akisoma kwamba kiwango cha kukubaliwa Stanford hakifiki 10 kwa 100 anajiambia basi na mimi nafasi yangu ni hiyo. Sasa hebu fikiria, kwenye lile rundo yumo aliyejipanga mwaka mzima, akaongea na wanafunzi wa pale, akaandika insha akafuta akaandika tena, na yumo aliyejaza fomu usiku wa dedilaini kwa sababu rafiki yake alimwambia jaribu tu. Wa kwanza nafasi yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile namba, na wa pili karibu hana kabisa. Namba moja itawasemeaje wote wawili?

Halafu kuna hii ya alama ya kati. Shule inatangaza darasa lake lina GMAT ya kati labda 730 au 740 kwa skeli ya zamani, na kijana mwenye 700 anakata tamaa hapo hapo. Alama ya kati maana yake nusu ya darasa wako hapo au chini yake! Na hao ni watu walioingia, wamekaa darasani wanasoma. Harvard imewahi kuonyesha masafa yake yote, wa mwisho akiwa kwenye mia tano na kitu na wa juu akikaribia 800. Upande wa pili kuna jambo ambalo takwimu za darasa hazionyeshi: waliokataliwa na 760 zao hawamo. Takwimu za darasa ni za waliopita tu, kwa hiyo hazikuambii kati ya watu kumi wenye alama kama yako ni wangapi waliachwa, na hilo ndilo ulilokuwa unataka kujua.

Na siku hizi mkanganyiko umeongezeka maana mtihani wenyewe umebadilika. GMAT mpya ilianza mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ile ya zamani ikaondolewa. Sasa skeli inaanzia 205 hadi 805 na kila alama ya jumla inaishia na 5, makusudi, ili mtu asiichanganye na ya zamani iliyokuwa inaishia na 0. 645 ya sasa inakaa takriban pale ilipokuwa 700 ya zamani ukiangalia umewapita watahiniwa wangapi. Lakini bado nakutana na kijana amepata 655, alama nzuri tu, anajilinganisha na wastani wa miaka ya nyuma wa 730 na anajiona hafai. Anarudi kujifungia miezi mitatu kutafuta pointi ambazo hazikuwa shida yake. Mtihani unaruhusiwa kurudiwa mpaka mara 5 ndani ya miezi 12, kwa hiyo wapo wanaorudia na kurudia, na ile miezi ndiyo wangetumia kufanya kitu kazini au kukaa na bosi wao kuhusu barua ya mapendekezo.

GPA nayo ina matatizo yake. Waombaji wengi wamesoma kwenye mifumo isiyotumia ile skeli ya Marekani inayoishia 4.0, wanakwenda onlaini kwenye kikokotoo chochote, wanabadilisha alama zao, kikokotoo kimoja kinasema 3.1 kingine kinasema 3.6, na mtu anachagua cha kumfurahisha au cha kumtisha kutegemea na moyo wake siku hiyo. Shule nyingi zinasema waziwazi usibadilishe, andika alama kama chuo chako kilivyotoa. Wale wa udahili wanaijua mifumo, wamesoma matokeo ya vyuo vya kila pembe ya dunia, wanajua wapi alama 70 ni ya kawaida na wapi ni ya mtu wa kwanza darasani. Wanaangalia pia umeanzaje na umeishiaje, masomo ya hesabu ulifanyaje, mwaka gani ulianguka na baada ya hapo ikawaje.

Sasa niseme ninavyoona mimi hizi namba mbili kazi yake ni nini. GMAT au GRE (mtihani mwingine wa kuombea, shule nyingi zinapokea wowote kati ya hiyo miwili) na matokeo ya chuo zinajibu swali moja tu: huyu mtu akija ataweza masomo? Jibu likishakuwa ndiyo, pointi zinazoongezeka juu ya hapo zinasaidia kidogo sana kwenye kuingia. Zinaweza kusaidia kwenye skolashipu, hilo nalisema kwa herufi kubwa maana watu hawaliwazi, shule nyingi zinaangalia alama zinapogawa ufadhili, kwa hiyo shule ambayo alama yako iko juu ya kati yao inaweza kukulipia sehemu nzuri ya ada wakati ile ya ndoto zako ingekupokea mkono mtupu. Lakini kwa upande wa kuingia, baada ya hilo swali la kwanza yanabaki maswali mengine magumu zaidi na hayo hayana namba. Kazini umefanya nini ambacho mwingine kwenye kiti chako asingefanya? Kwa nini unataka MBA sasa hivi na siyo miaka miwili ijayo au usiende kabisa? Ukimaliza utapata kazi? Hilo la kazi msilichukulie kirahisi, kila mwaka shule zinatangaza wangapi walipata ajira ndani ya miezi mitatu baada ya kumaliza, kwa hiyo mtu anayeandika malengo yasiyoshikika anawatia wasiwasi hata kama ana akili kiasi gani. Na kuna la mwisho, wenzako darasani watajifunza nini kwako.

Hapo ndipo asilimia za mitaani zinapofeli kabisa, maana hayo yote hayamo kwenye ile mistari minne. Na lipo jingine ambalo hata ukinipa faili lako zima siwezi kulijua: nani mwingine ameomba mwaka huu. Shule haitaki darasa zima la watu wa benki za uwekezaji au wahandisi wa programu watupu. Kwa hiyo kwa kiasi kikubwa unalinganishwa na wanaofanana na wewe, mhandisi na wahandisi, mshauri wa makampuni na washauri. Mwaka wakija wengi wazuri wa aina yako unaweza kukosa na faili ambalo mwaka uliopita lingepita.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Kuna dada niliyemsomea maombi, anafanya kazi kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji. Alikuja na swali hilo hilo la asilimia, alama zake safi. Kwenye CV ameandika "kusimamia uboreshaji wa michakato ya ghala". Nikamuuliza, sasa hiyo maana yake nini, nini kilitokea? Akaanza kunieleza kwamba malori yalikuwa yanakaa foleni hadi usiku kwa sababu karatasi ya kutoa mzigo ilikuwa inasainiwa na mtu mmoja tu na huyo mtu anatoka saa kumi jioni, mzigo unakuwa umeshapakiwa, dereva amekaa kwenye usukani, hakuna wa kusaini. Yeye hakuwa na cheo cha kubadilisha chochote. Akawa anaandika kwenye daftari kila lori limefika saa ngapi limetoka saa ngapi, akakaa na madereva wakapanga nani apakie kwanza, halafu akapeleka lile daftari kwa meneja, akaomba watu wa kusaini wawe wawili. Meneja alikataa mwanzoni. Akarudi tena na daftari la mwezi uliofuata. Ikakubaliwa, malori yakaanza kutoka kabla ya mchana.

Hiyo stori yote, Mhariri, haikuwepo popote. Haikuwepo kwenye CV, haikuwepo kwenye insha, insha ilikuwa inaongelea uongozi kwa ujumla na kupenda mabadiliko. Aliyemtajia asilimia hakuijua. Na mimi naamini kabisa kwamba kati ya faili lenye ile stori na faili lisilo nayo kuna tofauti kubwa kuliko pointi 30 za GMAT, ni mtu yule yule mwenye namba zile zile.

Barua za mapendekezo ni hivyo hivyo. Shule nyingi sasa zinatumia fomu ya maswali yanayofanana, zinamuuliza bosi wako unalinganishwaje na watu wengine wazuri wa nafasi kama yako, na ushauri gani mzito aliwahi kukupa wa kujirekebisha na wewe ukaupokeaje. Soma tena hilo la pili. Bosi asiyekufahamu atajibu kwamba wewe ni mchapakazi sana na wakati mwingine unajituma kupita kiasi. Bosi anayekufahamu atasema nilimwambia anawakatiza watu kwenye vikao, akanuna siku mbili, halafu nikaanza kuona anauliza wengine kwanza kabla hajaongea. Ukitaka kupima nafasi yako, anza hapo: una mtu anayeweza kujibu hivyo? Vijana wengi wanakimbilia mkurugenzi mkuu kwa sababu ya cheo, mtu ambaye wamekutana naye kwenye lifti, wakati msimamizi wao wa kila siku ana mambo tele ya kusema.

Niongelee na hesabu ya kuomba shule nyingi maana hapa hata watu wa hesabu wanateleza. Mtu anasema, kila shule nina asilimia 20, nikiomba tano basi uwezekano wa kupata angalau moja ni kama 67 kwa 100. Ukizidisha kwenye karatasi inatoka hivyo kweli, 0.8 ukiizidisha kwa yenyewe, zikiwa 0.8 tano, unapata kama 0.33 ya kukosa zote. Lakini hiyo hesabu inadai kila shule iamue kivyake kama vile haihusiani na nyingine, wakati zote tano zinasoma stori ile ile, barua zile zile za mabosi wale wale. Kama malengo yako hayaeleweki hayataeleweka kote tano. Kasoro iliyokutoa ya kwanza ndiyo itakayokutoa ya nne. Kwa hiyo kuongeza shule kwenye orodha bila kurekebisha faili kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kila insha mpya unayoandika kwa haraka inakula muda wa zile ulizozipenda kwa dhati.

Muda wa kutuma nao una uzito wake. Shule nyingi zinapokea maombi kwa raundi, yaani awamu, na kwa kawaida raundi ya kwanza inafungwa mwezi wa 9, ya pili mwezi wa 1, na zenye ya tatu ni karibu na mwezi wa 4, wakati huo viti vingi vimeshakwisha na pesa za ufadhili zimeshagawiwa. Harvard yenyewe kwa MBA ya kawaida ina raundi mbili tu. INSEAD inachukua watu mara mbili kwa mwaka na masomo yake ni miezi 10, kwa hiyo kalenda yake iko tofauti. Mimi kijana akiniuliza kati ya raundi ya kwanza na faili bovu au ya pili na faili zuri, namwambia ya pili bila kufikiri. Akiniuliza ya tatu, namwambia kama unahitaji viza na ufadhili basi subiri mwaka, ila kama huwezi kusubiri tuma ukijua unaingia mlango mwembamba.

Ukiitwa intavyuu hesabu imebadilika, hilo nalo watu hawalitilii maanani. Shule kubwa nyingi hazimchukui mtu bila kumhoji, na zinaita sehemu tu ya walioomba, Harvard wanakukalisha dakika 30 na anayekuhoji amesoma faili lako lote. Maana yake wameshakubali kwamba unaweza masomo na stori yako imewavutia. Halafu bado utamkuta mtu ameitwa, badala ya kukaa na faili lake akumbuke aliandika nini, yuko bize anauliza watu "nimeitwa, sasa nafasi yangu ni ngapi?" Ndugu yangu, una dakika 30 za kujieleza mbele ya mtu mwenye uamuzi, achana na namba.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kuna watu wameigeuza hii hofu kuwa biashara. Unalipa hela, unajaza fomu, unaletewa ripoti yenye rangi inakuambia shule hii 35, hii 52. Zinatoka wapi? Shule haimpi mtu mafaili ya waliokataliwa. Nimeona kijana amefuta shule nzuri kabisa kwenye orodha yake, shule iliyokuwa inafanana naye kwa kila kitu, kwa sababu ripoti ilimwandikia 12. Hajaomba, na mwaka umepita. Nina uchungu na hilo, maana kijana alikuwa na sababu zote za kujaribu na aliyemzuia hakuwa amesoma hata aya moja ya insha yake.

Wapo pia wa upande wa pili, waliotiwa moyo tu. Watu wanaogopa kuonekana wana roho mbaya, wanamwambia kila mtu "wewe nenda, utapata", na huyo mwenye mwaka mmoja wa kazi anaomba shule ambazo wanafunzi wake wengi wana karibu mitano, anakosa zote, anadhani hana akili. Angeambiwa mapema ukweli wenye faida angesubiri kidogo, au kama bado yuko chuoni angeelekezwa kwenye programu za kuomba mapema, kama ile ya 2+2 ya Harvard, ambapo unakubaliwa sasa, unafanya kazi kwanza miaka kadhaa halafu ndo unakwenda.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wanaojibu maswali kwenye safu ya elimu. Kijana akiandika na namba zake msimrudishie namba. Mwulizeni kwanza anataka kufanya nini baada ya MBA na nani ameshafanya hivyo kutoka shule hiyo. Mwulizeni ni kitu gani kazini kilibadilika kwa sababu yake, na atoe mfano. Bosi gani atamwandikia na anamjua kwa kiasi gani. Mwulizeni shule ngapi kwenye orodha yake angekwenda kwa moyo mmoja kama ndiyo pekee iliyomkubali, maana orodha nyingi ninazoziona zina shule tatu za ndoto na mbili za kujazia ambazo mtu hana mpango wa kwenda hata akipewa nafasi, hizo ni pesa na muda vinapotea. Halafu mwambieni kwa ukweli kipi kwenye faili lake kinaweza kubadilika ndani ya miezi sita na kipi hakibadiliki tena. GPA ya chuo imeshapita, hiyo iachwe, isipokuwa aongeze kozi ya hesabu au takwimu kama ndiko alikoanguka. Insha, barua, malengo, chaguo la shule, raundi ya kutuma, vyote hivyo bado viko mikononi mwake.

Mkiwa na nafasi chapisheni pia jinsi skeli mpya ya GMAT inavyolingana na ya zamani, nusu ukurasa unatosha, maana nadhani wasomaji wako wengi wanaojiandaa kwa raundi ya mwezi wa 9 bado wanasoma wastani wa zamani na kujikatia tamaa kwa kosa la skeli tu. Nikihitajika kusaidia kuiandika niko tayari, bila malipo.

Ni mimi msomaji wako,
Msoma Maombi